Wivu Unaonwa: Beau Travail Ina Hadithi, Jamani

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Tumemaliza kuitazama Beau Travail, filamu ya mwongozaji Mfaransa Claire Denis, kwenye mafunzo ya uhariri wa filamu, taa zimewashwa, na kijana mmoja ambaye kazi yake naiamini kabisa akasema: “Kaka, picha kali, ila stori hakuna. Askari wanafanya mazoezi na kupiga pasi tu.” Wenzake wakaitikia. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Stori ipo, na ni nyepesi kuisimulia. Galoup anasimamia askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi kinachoandikisha wageni, nchini Djibouti. Galoup anampenda kupita kiasi kamanda wake, Forestier. Anakuja askari mpya, Sentain, mzuri wa sura na wa moyo. Helikopta inaanguka, Sentain anamwokoa mwenzake, kamanda anamsifu. Basi. Galoup anamtafutia sababu, anampata, anamwacha kwenye jangwa la chumvi na dira aliyoiharibu. Anafukuzwa jeshini, anarudi Marseille, na huko ndiko anakotusimulia yote. Msingi wake ni Billy Budd ya Herman Melville, kisa cha mabaharia kilichopandishwa nchi kavu.

Kwa hiyo tatizo liko kwenye kuzoea kuambiwa. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda vya video, DJ anatafsiri na kutueleza nani mbaya, nani kamkosea nani. Ni wasimulizi hodari, nawaheshimu. Lakini kwenye filamu hii DJ angekosa cha kutafsiri kwa dakika nyingi mfululizo, na ni katika dakika hizo mambo yanatokea.

Sikilizeni lugha yenu wenyewe. Husemi mtu “ana hisia ya wivu kuhusu” mwenzake. Unasema anamwonea wivu. Anamwonea. Kitenzi ni kuona. Au anamwonea kijicho, na kijicho ni jicho dogo. Waliotuachia Kiswahili walishajua ugonjwa huu unakaa machoni. Sasa mwongozaji anatengeneza filamu ya wivu kwa macho matupu, nani anatazama nani na kwa muda gani, halafu sisi, watu wa kijicho, ndio tunauliza stori iko wapi?

Kuna na neno husudu, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Ukimhusudu mtu, huenda roho inakuuma kwa alichonacho, na huenda unamtamani, umezama kwake mzima mzima. Neno ni moja. Galoup anamhusudu Forestier kwa maana ya pili. Je, Galoup anamhusudu Sentain kwa ipi? Wanafunzi hunijibu haraka: ya kwanza. Mimi nawarudisha ufukweni, pale Galoup na Sentain wanapozungukana. Vifua wazi, hatua za polepole, macho hayabanduki, duara linapungua. Ngumi hairushwi, neno halitoki. Nimeipitia sini ile fremu kwa fremu nikitafuta mahali chuki inapoanza, nisipaone. Kuna siku naona chui anavizia. Kuna siku naona mtu ambaye hatua moja zaidi angekumbatia. Katika filamu hiyo hiyo kuna zoezi ambalo askari wanarushiana vifua kwa nguvu na kukumbatiana, kwa amri. Vitabu vyangu vya shule vilidai mhariri ajue kila shoti inasema nini kabla ya kuikata. Hii siijui, na siamini ingekuwa bora ningeijua.

Mwaka 2022 wahakiki walioulizwa na jarida la filamu la Sight and Sound waliipa nafasi ya saba kati ya filamu zote. Sitaki mtu aipende kwa sababu hiyo.

Lipo jambo ambalo darasani nalipitia haraka kuliko inavyostahili. Djibouti imekuwa huru tangu 1977, na kwenye filamu hawa wageni bado wanachimba mashimo kwenye ardhi yake, wenyeji wakiwa pembeni wanawatazama. Denis alikulia Afrika, Djibouti ikiwemo, na hakuyaweka macho yale kwa bahati mbaya. Hata hivyo kuna siku naona wenyeji wamefanywa pazia la huzuni ya Mfaransa mmoja. Halafu nafika pale Sentain anapookotwa, chumvi imemganda, na mwanamke wa nchi ile anampa maji. Hapo nanyamaza tena.

Mwisho mnaujua. Galoup anatandika kitanda, shuka imenyooka, anajilaza na bastola tumboni. Kamera ya Agnès Godard inakaa kwenye mkono wake, mshipa unadunda. Kisha tuko disko mbele ya vioo, wimbo ni The Rhythm of the Night, na Denis Lavant, mwigizaji wa Galoup, anacheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kwenye muswada, dansi ile ilitangulia bastola. Ilihamishwa kwenye chumba cha uhariri. Kwa anayedhani mhariri kazi yake ni kupunguza urefu, namwomba akae na jambo hili kwa muda.

Siku ya pili nilimwita yule kijana kwenye kompyuta, nikamwambia airudishe dansi mahali ilipoandikwa. Akaikata, akaisogeza, akaziba pengo. Tukatazama wote. Galoup akacheza, akatandika kitanda, akalala. Mshipa ukadunda, ukadunda, skrini ikawa nyeusi.

“Kafa,” akasema, sauti ya chini.

“Na jana?”

Akabonyeza kurudisha, dansi ikakaa mwisho, tukatazama tena. Dada mmoja nyuma yetu akasema jana pia alikuwa amekufa, ile disko ni ahera yake. Mwingine akakataa katakata, maiti hachezi hivyo. Yule kijana hakumjibu yeyote. Alikuwa ameisimamisha picha kwenye mshipa, ameinamia skrini, anahesabu mapigo.