Betri kubwa haiunguzi stata

Mwenye Hilux ya dizeli akitaka kutoka betri ya ampea-saa 50 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) kwenda N70, yaani ya ampea-saa 70 hivi, huonywa: "Utaunguza stata!" Wasiwasi huo hauna msingi. Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, haisukumiwi umeme wote uliomo ndani ya betri. Huvuta kiasi inachohitaji tu, kama bomba lile lile linavyotoa maji ya tangi dogo au kubwa lililoinuliwa kimo kimoja. Kimo hicho ndicho volti, na betri zote mbili ni za volti 12. Kinachoumiza stata zaidi ni betri iliyochoka: injini inazunguka kwa kujivuta, nawe unashikilia ufunguo hadi nyaya zinapata moto.

Hangaikia vipimo. Je, betri inakaa vizuri kwenye trei na kufungwa ikakaza? Chanya iko upande ule ule? Ikiwa ndefu mno kwenda juu, kichwa cha chanya kitagusa boneti, na hapo moto ni wa kweli. Kisha mwombe muuzaji aipime mbele yako: betri mpya iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imelala dukani muda mrefu bila kuchajiwa, mwachie.