Unataka kuhamia ualimu? Anza na transkripti yako

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, mlango wa ofisi yangu hugongwa na watu wazima. Karani wa benki, mhandisi wa maji, afisa mauzo, mama aliyefanya kazi kwenye mradi wa wafadhili mpaka mradi ukafungwa. Wana shahada, wana miaka minane au kumi ya kazi, na swali lao ni moja: "Mwalimu, nikisoma PGDE serikali itaniajiri?" PGDE ni stashahada ya ualimu kwa mtu ambaye tayari ana shahada. Kabla sijajibu huwa naomba kuiona transkripti, ile hati ya chuo inayoonyesha masomo uliyosoma na alama zake.

Naandika haya kwa sababu nimewaona wengi mno wakilipa ada kwanza na kuuliza baadaye.

Njia yenyewe ipo, na ni halali kabisa. Anayetaka kufundisha sekondari ya serikali Tanzania Bara si lazima awe alisomea ualimu tangu mwanzo. Matangazo ya nafasi za Mwalimu Daraja la III C, ngazi ya kuanzia kwa wenye shahada, huyataja makundi mawili: wenye shahada ya ualimu, na wenye shahada isiyo ya ualimu iliyo na somo la kufundishia pamoja na Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ndiyo hiyo PGDE, kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Watu huisoma sentensi hiyo haraka na macho yao hutua kwenye stashahada. Uzito wote uko kwenye yale maneno ya katikati, "somo la kufundishia". Stashahada itakufunza namna ya kufundisha. Somo lenyewe unatakiwa uje nalo kutoka kwenye shahada yako.

Aliyesoma uhandisi amekaa na hisabati na fizikia miaka yake yote ya chuo. Aliyesoma sayansi ya kompyuta anaitazama TEHAMA. Lakini aliyesoma usimamizi wa rasilimali watu, sheria au maendeleo ya jamii atatafuta somo lake kwenye ratiba ya kidato cha pili asilione. Anaweza kumaliza stashahada kwa alama nzuri sana, akafungua mfumo wa maombi ya ajira, na asikute nafasi hata moja inayomhusu. Nimekaa na watu wa namna hiyo, ada imeshalipwa na kazi ya zamani imeshaachwa. Mazungumzo hayo yananiumiza kila mara, maana dakika kumi za kuisoma transkripti zingeyazuia.

Waliosoma biashara na uhasibu nilikuwa nikiwapa majibu ya mashaka. Sasa hali imebadilika. Mtaala ulioboreshwa, uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima sekondari, wakati zamani masomo ya biashara yalikuwa ya shule chache. Shule zinahitaji walimu wa somo hilo, na yule karani wa benki ana la kuleta.

Stashahada yenyewe huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kutegemea chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaitoa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinawafaa hasa wasioweza kuacha kazi, kwa kuwa masomo yake ni ya masafa na kina vituo mikoani. Utasoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na tathmini, na mbinu za kufundishia somo lako. Kisha utapelekwa mazoezini shuleni, na hapo ndipo mambo yanapojulikana.

Nilimkagua mhandisi mmoja aliyekuwa akifundisha Fizikia kidato cha pili. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Aliingia, akaandika ubaoni kanuni ya mgandamizo, nguvu gawanya kwa eneo, akaifafanua kwa Kiingereza fasaha kuliko changu, akauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia kwamba limeelewa. Baada ya kipindi nilimwita msichana wa dawati la mbele, nikamuuliza kwa Kiswahili kwa nini kisu kikali kinakata kirahisi kuliko butu. Alinyamaza. Watoto wengi wa shule zetu za kata wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari ambako kila kitu ni Kiingereza, na wamejifunza kuitikia ili kipindi kipite. Wiki iliyofuata mhandisi alikuja na muhogo na visu viwili. Kanuni aliiandika mwishoni, baada ya wanafunzi kuisema wenyewe.

Watu wa fani nyingine huja na hazina ya mifano halisi ambayo mhitimu wa miaka 23 hana. Wanachokosa ni subira ya kushuka mpaka pale mtoto alipo, nayo hujengeka kwa kufundisha, kukosolewa na kurudi tena darasani.

Kwa mafundi wasio na shahada kuna mlango mwingine. Sera hiyo hiyo imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, na huko wanahitajika watu wa umeme, uashi, useremala, ushonaji. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, kilicho chini ya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, huwapokea wenye fani tayari na kuwafunza kuifundisha. Fundi mzuri aliyezoea kulea vijana kwenye karakana yake asijidharau.

Wasomaji wa Kenya, kwenu mlango ni usajili wa TSC, tume ya walimu. Shahada isiyo ya ualimu na PGDE vinakubalika, ila shahada iwe na masomo mawili ya kufundishia, na KCSE yako, mtihani wa kidato cha nne, iwe na wastani wa C+ pamoja na C+ katika masomo hayo mawili. Alama ya kidato cha nne ya miaka 15 iliyopita inaweza kukuzuia leo. Itafuteni kabla ya kuomba chuo.

Tukirudi Tanzania, tangu 2024 walimu wanaajiriwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na wanafanya usaili wa kuandika na wa mahojiano kama kada nyingine. Hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti. Uliyesoma nje ya nchi, peleka shahada yako TCU, tume ya vyuo vikuu, na vyeti vya sekondari NECTA, baraza la mitihani, vitambuliwe mapema. Na kama tayari ni mtumishi wa umma wa kada nyingine, barua yako ya maombi ipite kwa mwajiri wako.

La mwisho ni fedha na umri. Ukiajiriwa utaanza Daraja la III C sawasawa na kijana aliyetoka chuoni jana. Miaka yako ya benki haihesabiwi kwenye daraja. Kaeni na mwenza wako mlipigie hesabu hilo kabla, siyo baada ya mshahara wa kwanza. Matangazo kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Pensheni ya mwezi humtaka mtu awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Anayeingia akiwa na 45 hana hata mwezi mmoja wa ziada. Mwenye 41 leo, akitoa muda wa masomo, kusubiri tangazo na usaili, yuko karibu na ukingo huo huo. Kwa hiyo ukiacha kazi sekta binafsi, usikimbilie kuchukua michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi. Nenda ukaulize kwanza utaratibu wa kuunganisha vipindi vya uchangiaji utakapohamia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na uondoke pale ukiwa na jibu la maandishi.