Mtaala wa kununua, mtoto wa Kisumu

Wazazi wanaokuja kuniuliza kuhusu kusomesha watoto nyumbani huwa wameshanunua kitu tayari. Wengi wamelipia mtaala wa mwaka mzima kutoka Marekani au Uingereza, wakauchapisha kwenye saiba na kuubana katika faili nene: nyimbo za asubuhi, hadithi za wiki, kufuma, kupika, rangi za maji, matembezi ya nje, hesabu kidogo. Mtoto ana miaka minne au mitano. Wanataka kujua kama faili hilo litatosha.

Kazi yangu ni elimu ya watoto wa umri huo, na familia ninazoandamana nazo ziko Kisumu na viunga vyake. Jibu ninalowapa ni kwamba faili ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kulihamisha liingie katika nyumba yenu, katika lugha zenu na katika majira ya huku kwetu. Wanaofanya uhamisho huo huendelea vizuri. Wanaofuata ukurasa kwa ukurasa huchoka kabla muhula haujaisha, na mtoto huchoka mapema zaidi.

Fikra za mitaala hii zina wazee wake. Pestalozzi wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1827, alisisitiza kwamba kichwa, moyo na mikono vilelewe pamoja. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na shule ya kwanza ya Waldorf ya Rudolf Steiner ilianza Stuttgart mwaka 1919. Charlotte Mason wa Uingereza hakutaka masomo rasmi kabla ya miaka sita. Mtoto awe nje saa nyingi, na akishaanza masomo yawe mafupi, dakika ishirini au chini. Mitaala mingi inayouzwa leo imechota kwa hawa wanne, na mara nyingine imechanganya yasiyopatana. Montessori humpa mtoto wa miaka minne herufi za kupapasa kwa vidole, ilhali Waldorf husubiri hadi karibu miaka saba ndipo kusoma kuanze. Mzazi asiyejua hilo akiona mambo hayaendi hudhani mtoto wake ndiye mwenye kasoro.

Tuanze na majira, maana ndiyo yanayowakwamisha wazazi kabla ya mengine yote. Faili linasema Oktoba okoteni majani mekundu yaliyoanguka, Desemba zungumzeni juu ya theluji na usiku mrefu. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na urefu wa mchana wetu haubadiliki kwa kiasi ambacho mtoto angekitambua. Mama mmoja wa Mamboleo alikata theluji ya karatasi pamoja na bintiye, ikapendeza, kisha mtoto akauliza ataiona lini. Baada ya hapo tulikaa chini tukaandika upya kalenda yao yote. Machi hadi Mei ni mvua za masika: kupanda mahindi, konokono ukutani, kumbikumbi wanaotoka ardhini mvua ikikatika. Kuna siku wadudu wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi. Kuna wiki gugumaji hujaza ghuba, na wiki nyingine upepo huliondoa. Pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, mtoto anaweza kumtazama mdiria akining'inia hewani kisha akijitupa majini, na akagusa mafunjo yanayofumwa kuwa mikeka na vikapu. Hayo yote ni masomo ya mazingira, tena hayahitaji kuchapishwa.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la kivuli. Chomekeni kijiti uani, na karibu saa sita na dakika arobaini mchana mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. (Jua letu hufika juu kabisa muda huo, si saa sita kamili, kwa sababu Kisumu iko magharibi ya mstari unaopangia Afrika Mashariki saa zake.) Fanyeni hivyo mara moja kila mwezi. Juni kivuli kitaelekea kusini, Desemba kaskazini, na Machi na Septemba kitakaribia kutoweka. Wenzetu wa London hawawezi kumpa mtoto somo hili, kwani kwao kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima.

Suala la kusoma ndilo zito zaidi, na hapa nina msimamo. Karibu mitaala yote inayonunuliwa huanza na herufi za Kiingereza, lugha ambayo irabu moja hutamkwa kwa namna nyingi na maneno mengi ya kawaida hayafuati kanuni. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Mtoto aliyeelewa ba, be, bi, bo, bu na ta, te, ti, to, tu ameshapata baba, bibi, tatu, tabu na bata, na kwa jitihada ndogo anasoma sentensi nzima. Mtoto anayezungumza Dholuo nyumbani ana faida ya ziada, kwa sababu sauti za ny, ng', dh na th ambazo huwasumbua wengine tayari ziko mdomoni mwake. Kwa hiyo nawashauri wazazi: hadithi na mazungumzo katika lugha ya nyumbani, kusoma kuanze kwa silabi za Kiswahili, na Kiingereza kije kwa masikio kwanza, kwa nyimbo na maongezi, halafu maandishi. Wazazi wengi huogopa ushauri huu. Wanaona kama ninamchelewesha mtoto. Nilichokiona ni kwamba mtoto aliyekwisha kugundua kuwa alama huwa sauti, na sauti huwa neno, hahitaji kugundua jambo hilo mara ya pili. Hubeba ufahamu huo hadi kwenye Kiingereza.

Tena sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu. Miongozo ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea, iko wazi kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya kitaifa ya mitaala, bila malipo. Isomeni kabla hamjanunua chochote. Mtashangaa ni kiasi gani cha mtaala wa umilisi wa Kenya katika umri huo ni kucheza, kuimba, kuchora na kutoka nje. Ningependa kila familia iiweke kando ya faili lao, kwa sababu maisha hubadilika na huenda mtoto akahitaji kuingia gredi ya kwanza mwakani. Wazazi waliorudisha watoto shuleni huniambia jambo linalofanana: mtoto anasimulia vizuri, anauliza maswali, anajua miti na ndege, lakini mkono wake haujazoea penseli na anashangaa kuambiwa aketi muda mrefu. Kidonda hicho ni kidogo na hupona haraka, ila ni vyema mzazi akijue mapema. Kufinyanga udongo, kuchambua maharagwe, kupalilia na kushona kwa uzi mnene huimarisha vidole hivyo hivyo vitakavyoshika penseli.

Kwa hesabu sina mengi ya kuongeza. Mpelekeni soko la Kibuye. Gorogoro moja (kopo la kupimia nafaka), nusu gorogoro, mafungu ya nyanya, chenji. Jioni chimbeni mashimo mcheze ajua, bao la Waluo, kwa mbegu, na mtoto atahesabu, atagawa na kutabiri bila kuombwa.

Kuna jambo ambalo faili haliligusi kabisa, nalo ni mama mwenyewe. Mitaala hii imeandikwa kana kwamba kuna mtu mzima mmoja nyumbani aliyetulia, asiye na mtoto mgongoni wala biashara. Kisumu mama huyo ana duka, ana mtoto mchanga, na kuna siku maji ya bomba hayatoki. Familia zilizodumu ni zile zilizopunguza siku ikawa na nguzo chache zisizosogezwa: uji na wimbo, kazi ya mikono, kutoka nje, hadithi ya jioni. Masomo ya mezani ni nusu saa, yakikosekana leo yatakuwapo kesho. Baba mmoja wa Nyalenda anayerudi usiku alichukua hadithi ya jioni iwe yake, na mtoto humsimulia kesho yake ile aliyoisikia jana. Kusimulia upya ndiko Mason alikokuweka katikati ya kazi yake, na Waluo walikuwa nako katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambapo watoto walisikia sigana, yaani hadithi, na kuzirudia. Ikiwa nyanya yupo, mpeni zamu. Wengi wao ndio wapinzani wakubwa wa mpango huu mwanzoni, wanaouliza kila wanapokuja, "Mwanangu, huyu mtoto ataenda shule lini?" Nyanya aliyepewa hadithi za Alhamisi huacha kuuliza, kwa sababu anaona kwa macho yake kinachofanyika.

Wenzake mtoto nao ni lazima. Mtoto wa miaka mitano anayecheza na mamaye peke yake hajifunzi kungoja zamu, kugombana na kupatana. Familia kadhaa hukutana mara moja kwa wiki, pengine Dunga, pengine Makumbusho ya Kisumu kwenye boma la Kiluo. Kama hamna familia nyingine ya kuandamana nayo, nawaambia msubiri kwanza.

Na sheria mzingatie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na haikutengea elimu ya nyumbani kifungu chake. Suala hili limewahi kufika mahakamani. Zungumzeni na wakili kabla mtoto hajafikisha umri wa gredi ya kwanza, na wekeni kumbukumbu: michoro yenye tarehe, orodha ya hadithi, daftari la matembezi. Zitawafaa hata kama mtoto atajiunga na shule.

Kwa wanaopanga kuanza Januari, ombeni muuzaji awape kurasa za wiki mbili kabla ya kulipa. Kateni kwa kalamu nyekundu kila kitu kisichopatikana sokoni, uani au ziwani, na kila hadithi ambayo mtoto hawezi kuisikia katika lugha anayoiota. Ikibaki chini ya nusu, fedha hizo nunueni vitabu vya hadithi vya Kiswahili, rangi, uzi na jembe dogo.