Eti dawa ya wadudu ya jikoni haina sheria?

Wengi tumekua tukisikia kwamba ukichanganya mwenyewe siki, sabuni au tumbaku ukapuliza bustanini hakuna sheria inayokugusa, mradi huuzi. Si kweli kila mahali. Sheria nyingi za viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, magugu na kadhalika, haziulizi kitu kimetoka wapi, zinauliza unakitumia kufanya nini, yaani siki ya kachumbari ni chakula, ila ukiimwagia magugu ili yafe hapo inahesabika kiuatilifu.

Umoja wa Ulaya una sheria namba 1107 ya mwaka 2009, na ndani yake kuna kundi la vitu vya kawaida vilivyopimwa na kuruhusiwa kwa matumizi maalum, siki imo, magadi ya kuokea mikate yamo, hata bia ya kutegea konokono imo. Maji ya tumbaku hayamo, na mi nadhani ni haki kabisa, kwa sababu nikotini ni sumu kali inayopenya hata kwenye ngozi, ukishika bomba la kupulizia linalovuja mikono mitupu unaweza kuanza kutapika na kizunguzungu.

Marekani ni tofauti kidogo, sheria ya shirikisho inabana zaidi uuzaji na usambazaji, lakini dawa iliyosajiliwa ukiitumia kinyume na lebo ni kosa, hata kwako nyumbani.

Kama ni vidukari tu, geuza jani, wapige maji kwa nguvu chini yake au waponde kwa vidole, hapo huhitaji kibali.