Horace Tabor na bei ya fedha

Kiswahili kina neno moja kwa yale madini meupe na kwa kile tunachokihesabu sokoni: fedha. Kila ninapofundisha historia ya uchumi wa Marekani, neno hilo hunirahisishia kazi, kwa sababu ugomvi mkubwa wa siasa za nchi ile katika robo ya mwisho ya karne ya 19 ulikuwa huo huo: je, fedha ni fedha? Horace Tabor wa Colorado alitajirika wakati serikali ilipojibu ndiyo, akafilisika ilipojibu siyo.

Alizaliwa Vermont mwaka 1830, akajifunza kuchonga mawe. Mwaka 1855 alihamia Kansas, ambako walowezi walikuwa wakiuana kwa suala la utumwa, akachaguliwa katika bunge la wapinga utumwa mjini Topeka, bunge ambalo askari wa serikali kuu walilitawanya tarehe 4 Julai 1856. Mwaka 1859 yeye na mkewe Augusta walipanda gari la kukokotwa na ng'ombe wakaifuata habari ya dhahabu hadi Colorado, na mwaka uliofuata wakawa katika bonde la California Gulch, kiasi cha futi 10,000 juu ya usawa wa bahari.

Dhahabu haikumtajirisha. Kilichowaweka mjini ni duka, na duka lenyewe lilisimama kwa mikono ya Augusta, aliyewapikia wachimbaji, akawapimia dhahabu yao kwa mizani na kushughulikia barua zao. Wachimbaji hao walilalamikia mchanga mweusi mzito uliokuwa ukiziba mifereji yao ya kuoshea dhahabu. Waliuchota kwa sepetu na kuutupa pembeni. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla William Stevens na Alvinus Wood hawajaupeleka kupimwa, ikabainika kuwa ni kaboneti ya risasi (yale madini mazito ya kijivu) yenye fedha nyingi ndani yake. Mji wa Leadville ukaota hapo, na Tabor, muuza duka aliyefahamiana na kila mtu, akawa meya wake wa kwanza mwaka 1878.

Mwaka huo huo aliwapa wahamiaji wawili kutoka Ujerumani, August Rische na George Hook, chakula na zana kwa mkopo, kwa sharti la kupata theluthi moja ya chochote watakachokipata. Muuza duka wa machimboni hutoa mikopo ya namna hiyo kila mara, na mingi hupotea. Bidhaa alizowapa hazikufika thamani ya dola 100, lakini shimo lao, Little Pittsburg, lilikutana na mwamba wa fedha kabla ya futi 30. Mwaka 1879 Tabor aliuza hisa yake kwa dola milioni 1, kisha akanunua mgodi wa Matchless kwa dola 117,000.

Wasimulizi wengi huishia hapo na kusema bahati. Mimi huwaonyesha wanafunzi tarehe nyingine: Februari 1878, miezi michache kabla ya shimo lile kuchimbwa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoilazimisha Hazina kununua fedha ya dola milioni 2 hadi 4 kila mwezi na kuigeuza sarafu. Mwaka 1890 sheria mpya iliongeza ununuzi hadi wakia milioni 4.5 kwa mwezi. Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Washington, na ndiyo maana sioni ajabu kwamba mfanyabiashara huyu alitafuta vyeo. Alikuwa naibu gavana wa Colorado tangu 1879, akajenga jumba la opera Leadville na jingine Denver, na mwaka 1883 alitamani kiti cha Seneti cha miaka sita. Bunge la jimbo lilimpa masalia tu ya muhula wa Henry Teller, seneta aliyekuwa ameacha kiti hicho, kuanzia 27 Januari hadi 3 Machi. Siku mbili kabla ya muhula kwisha alifunga ndoa mjini Washington na Elizabeth McCourt, maarufu kama Baby Doe, Rais Chester Arthur akiwa miongoni mwa wageni. Augusta alikuwa ameshapewa talaka, na mali aliyopata aliitunza vizuri kuliko mumewe alivyoitunza yake.

Juni 1893 viwanda vya sarafu vya India viliacha kuwageuzia watu binafsi madini yao ya fedha kuwa rupia (rupia hizo hizo zilizokuwa zikitumika Zanzibar na Mombasa), na bei ya madini hayo ikaporomoka ndani ya siku chache. Novemba mosi Washington nayo ilifuta sheria ya 1890. Tabor alikuwa amekopa kwa kuweka rehani majengo na migodi ambayo thamani yake yote ilitegemea bei hiyo. Wadai walichukua kimoja kimoja.

Mwaka 1898 wanasiasa wenzake walimpatia kazi ya mkuu wa posta wa Denver. Alifariki Aprili 1899. Baby Doe alirudi Leadville, akaishi miaka mingi katika kibanda kando ya shimo la Matchless. Juni 1934 serikali ya Marekani ilianza tena kununua fedha kwa wingi, lakini mgodi haukuwa wake tena, na Machi 1935 majirani walimkuta sakafuni, amekufa, mwili umeganda kwa baridi.