Kigugumizi: Mwache Amalize Neno Lake

Mtoto wa miaka mitatu anaomba maji. "Ma-ma-ma…" anakwama, anapepesa macho, anapiga mguu chini, ndipo neno linatoka. Mzazi, kwa nia njema kabisa, anamwambia: "Tulia, vuta pumzi." Kliniki tunaisikia kauli hiyo karibu kila siku, na ndiyo ya kwanza tunayowaomba wazazi waiache. Neno mtoto analijua. Kinachosuasua ni ubongo kuiendesha kwa wakati misuli ya pumzi, koo, ulimi na midomo.

Kigugumizi kina sura tatu: kurudia silabi, kuvuta sauti ("sssamaki") na kukwama kabisa, mdomo wazi, sauti haitoki. Kule kupepesa macho ni hila ya kujinasua, ambayo baadaye hugeuka mazoea. Watu wazima wana hila iliyofichika zaidi: hulikwepa neno. Nimewaona wanaojitambulisha kwa jina la utani kwa kuwa jina lao halisi huwakwamisha.

Hali hii huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5, na mara nyingi hufuata ukoo. Hailetwi na woga, kuiga wala malezi mabaya. Watoto wapatao 5 katika 100 huipitia, na wengi huimaliza. Kwa watu wazima hubaki kama 1 katika 100, wengi wao wanaume. Akiimba, mwenye kigugumizi kwa kawaida hakwami, basi watu husema anajifanya. Hajifanyi.

Wapo pia wanaosema mbiombio hadi maneno yanamezana, na mara nyingi wenyewe hawatambui. Hicho si kigugumizi. Hao ukiwaambia wapunguze mwendo, husikika vizuri kwa muda. Na mtu mzima aliyeanza kugugumia ghafla apelekwe hospitali upesi, maana huenda ni kiharusi.

Nyumbani, punguza mwendo wako wewe, si wa mtoto. Mtazame usoni kama kawaida, usimmalizie neno, kisha jibu alichosema, si jinsi alivyokisema. Ikipita miezi sita bila nafuu, au ukimwona anakaza shingo, au ameanza kusema "basi, acha tu" katikati ya sentensi, mpeleke kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Hiyo "acha tu" hunitia wasiwasi kuliko kukwama kwenyewe.