Kwa Nini Viwango vya Unene Hutofautiana Kati ya Mji na Mji? Maswali na Majibu

Mtu huhesabiwa kuwa na unene uliopitiliza akifikia kiwango gani?

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni uwiano wa uzito na urefu. Unachukua uzito kwa kilo, kisha unaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 87 hupata takriban 30, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanza kuhesabu unene uliopitiliza; kuanzia 25 hadi chini ya 30 huitwa uzito uliozidi. Kwa kigezo hicho, mwaka 2022 watu wazima wapatao milioni 890 duniani walikuwa na unene uliopitiliza. Kipimo hiki hakitofautishi mafuta na misuli, kwa hiyo kinafaa zaidi kulinganisha makundi ya watu kuliko kumhukumu mtu mmoja mmoja.

Tofauti kati ya eneo na eneo ni kubwa kiasi gani?

Ni kubwa hata ndani ya nchi moja. Nchini Marekani, takwimu za mwaka 2023 zilionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima wa jimbo la Colorado walikuwa na unene uliopitiliza, ilhali West Virginia walikuwa kiasi cha asilimia 41. Hata hivyo, takwimu hizo za majimbo hukusanywa kwa kuwauliza watu kwa simu, na mtu akiulizwa hivyo huelekea kujiongezea urefu na kujipunguzia uzito. Mji ambao wakazi wake walipandishwa kwenye mizani hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na mji ambao wakazi wake waliulizwa tu. Umri nao huingia hapa: mji uliojaa vijana waliofuata masomo na kazi utaonekana mwembamba kuliko ule waliobaki wazee, bila tofauti yoyote ya chakula.

Je, ni kweli kwamba watu wa mjini ni wanene kuliko wa vijijini?

Dhana hiyo ilikuwa na ukweli mwingi zamani, lakini imepitwa na wakati katika sehemu kubwa ya dunia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia mabadiliko kuanzia 1985 hadi 2017, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ongezeko la wastani wa uwiano wa uzito na urefu duniani lilitokana na watu wa vijijini. Wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa miongoni mwa waliotofautiana na mwelekeo huo, kwani kwao ongezeko la mijini lilikuwa bado kubwa zaidi.

Basi chanzo si mazoea ya kula ya wenyeji, wanayorithishana vizazi kwa vizazi?

Mazoea yana nafasi yake, ila hubadilika upesi kuliko tunavyodhani. Kisiwa cha Okinawa nchini Japani kilisifika kwa wazee wengi walioishi kwa viazi vitamu, mboga na vyakula vya soya. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kisiwa kilikuwa chini ya utawala wa Marekani hadi 1972, na vyakula vya mafuta, nyama ya kopo na usafiri wa gari vikaenea. Mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walishuka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa matarajio ya kuishi, na mkoa huo leo umo miongoni mwa ile yenye unene mwingi zaidi nchini humo. Hao ni wajukuu wa wazee wale wale, kwa hiyo maelezo ya damu au kabila hayatoshi.

Je, mtaa unaweza kuwa na nguvu kuliko uamuzi wa mtu mwenyewe?

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi unatoka Marekani. Kati ya 1994 na 1998, familia maskini katika miji mitano, ikiwemo Chicago na Baltimore, ziligawanywa kwa kura ya bahati nasibu. Baadhi zikapata hati za kulipia kodi ya nyumba katika mitaa yenye umaskini mdogo, na nyingine hazikupata. Miaka 10 hadi 15 baadaye, wanawake waliopewa nafasi ya kuhamia mitaa hiyo walikuwa na visa vichache zaidi vya unene mkubwa sana na vya kisukari, ingawa mpango wenyewe haukuwa wa lishe. Kwa kuwa mgawanyo ulifanywa kwa kura, haiwezekani kudai kwamba waliohama walikuwa na nidhamu zaidi tangu mwanzo.

Aina ya chakula kinachopatikana nayo ina uzito. Katika jaribio moja la 2019, watu 20 waliokula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili, wakiruhusiwa kula hadi watosheke, walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa vyakula visivyosindikwa sana.

Nijipime nini mimi mwenyewe, badala ya kutazama wastani wa mji wangu?

Pima mzunguko wa kiuno. Simama wima, weka tepu katikati ya ubavu wa chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha soma baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Hatari huanza kuongezeka kwa mwanamume anayezidi sentimita 94 na kwa mwanamke anayezidi sentimita 80. Kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza mapema zaidi. Aliyevuka vipimo hivyo anastahili kupimwa sukari na shinikizo la damu, hata kama anaishi katika mji unaosifiwa kwa watu wembamba.